Probu ya kuseti ziro ya Z kwenye CNC inanitesa: leo inakubali, kesho ALARM:4. Msaada wakuu

fundi_keko
Wakuu habari za jioni. Nina karakana ya samani hapa Keko, Dar, nachonga milango ya mninga na makabati ya MDF. Mashine ni rauta ya CNC ya 6090 (ya kuchonga kwa kuongozwa na kompyuta), spindo (mota inayozungusha biti) ya maji kilowati 1.5 na VFD yake (boksi la umeme linaloiendesha spindo), kontrola ni Arduino Uno yenye Grbl 1.1 (programu inayotembeza mashine) juu yake shildi ya CNC V3, draiva za stepa (mota za kutembeza mashine) ziko nje kwenye boksi. Kazi natuma kwa programu ya UGS toka kwenye laptopu.

Miaka yote ziro ya Z (kimo ambacho mashine inahesabu ndio uso wa ubao) naseti kwa karatasi, unashusha biti taratibu mpaka karatasi igome kuvutika. Ila mlango mmoja wa maua unakula biti tatu, na kila nikibadilisha biti karatasi inanipa ziro yake, tofauti kidogo tu lakini kwenye mninga uliopigwa vanishi ule mstari mteja anauona kabla hujamkaribisha kiti. Nikaamua ninunue pleti ya alumini yenye waya mbili, moja inaenda kwenye pleti nyingine ina klipu ya kubana kwenye biti. Hiyo ndio probu, biti ikigusa pleti mashine inajua iko kimo gani.

Usiku wa kwanza ikafanya kazi vizuri kabisa nikalala na furaha. Asubuhi nawasha, nabonyeza probu, ALARM:4 hapo hapo, Z haijashuka hata unywele. Nikachomoa nikachomeka ikakubali mara mbili halafu ikakataa tena. Mara nyingine ikashuka ikasimama hewani kabla ya kugusa pleti na ikahesabu hapo ndio pleti. Na hata ikifanya kazi, kina kinazidi kama milimita 0.4. Ubao mmoja wa mninga umeshaharibika na mninga wa siku hizi mnajua bei yake. Nianzie wapi?

gerezani_mashine
Pole sana fundi. Hapo una matatizo matatu sio moja, na ukiyashika yote kwa pamoja utazunguka wiki nzima. Tuanze na ALARM:4.

ALARM:4 maana yake kabla Z haijatembea Grbl imeangalia pini ya probu ikaikuta TAYARI imeguswa. Inakataa kushuka kwa sababu haina namna ya kujua itagusa lini kama inaona imeshagusa. ALARM:5 ni kinyume, imeshuka umbali wote uliouandika na haijagusa chochote. Kwa hiyo ALARM:4 usihangaike na spidi wala umbali, tatizo liko kwenye waya au kwenye seting moja tu, $6.

Nijibu haya: 1, $6 yako ni ngapi. 2, waya wa klipu umeenda wapi na wa pleti umeenda wapi, kipi kiko A5 (pini ya probu) na kipi kiko GND (upande wa volti sifuri wa bodi). 3, klipu ikiwa mezani haijabana kitu andika alama ya kuuliza ? kwenye konsoli kisha nipe mstari wote unaorudi. Halafu bana klipu kwenye biti bila kugusa pleti, uliza tena.

mwanagenzi254
Mimi yangu ilikuwa ivo ivo, niliweka $6=1 ikaacha kulia. Jaribu tu.

gerezani_mashine
Kaka mwanagenzi hapana, hilo ni jambo la kuelewa kwanza kabla ya kubonyeza. Kwenye Grbl pini ya A5 inashikiliwa juu, volti 5, na rezista iliyoko ndani ya chipu. Ukiigusisha na GND inashuka, na kushuka huko ndio "nimegusa". Hiyo ndio $6=0 na ndio pleti ya kawaida inavyofanya kazi, mzunguko uko wazi mpaka biti iguse. $6=1 inageuza maana, ni ya probu ambazo muda wote zimefunga mzunguko na zinafungua zikigusa. Ukiweka 1 kwenye pleti ya kawaida yenye waya nzima, ikiwa hewani itasema imegusa na ikigusa itasema haijagusa. Kama kwako alamu iliondoka basi ama probu yako ni ya aina hiyo nyingine au kuna waya umegusana na GND mahali, na hiyo ya pili ni hatari maana pini tayari iko chini, biti ikigusa pleti hakuna kinachobadilika na Z itaendelea kushuka bila kujua pa kusimama.

fundi_keko
Shukrani mkuu. Majibu:
$6=0.
Klipu iko A5 (kwenye shildi nimechomeka pale palipoandikwa SCL, niliona maelezo yanasema ndio A5 yenyewe). Pleti iko GND.
Klipu mezani: <Idle|MPos:0.000,0.000,0.000|FS:0,0>
Klipu kwenye biti: <Idle|MPos:0.000,0.000,0.000|FS:0,0|Pn:P>
Ila hiyo ya pili haiji kila mara. Nikizungusha spindo kwa mkono wakati mwingine Pn:P inapotea kisha inarudi. Na kitu kingine nimekiona sasa hivi, nikichomoa chaja ya laptopu inapotea kabisa! Usiku ule wa kwanza umeme ulikatika nikawa natumia betri ya laptopu na jenereta ya jirani kwa mashine tu. Nahisi nachanganyikiwa.

gerezani_mashine
Hujachanganyikiwa, umelipata mwenyewe. Hiyo Pn:P ndio Grbl inasema inaona probu imeguswa. Hiyo chaja ndio jibu.

SCL ni sahihi, kwenye Uno SCL na A5 ni pini moja. Kosa ni kwamba waya ZIMEBADILISHANA. Klipu inatakiwa iwe GND na pleti ndio iwe A5. Fuata njia ya umeme: A5 inakwenda klipu, klipu kwenye biti, biti kwenye koleti (kibano kinachoshika biti), koleti kwenye shafti, shafti inapita kwenye beringi mpaka kwenye mwili wa spindo, mwili umefungwa kwenye fremu, na fremu imeunganishwa na ethi kupitia VFD. Upande wa pili GND ya Arduino inatoka kwa kebo ya USB mpaka laptopu, na chaja ya laptopu yenye plagi ya pini tatu inaiunganisha GND hiyo na ethi ile ile. Mzunguko umefunga kwa mlango wa nyuma. Ukichomoa chaja GND inaelea, njia inakatika, ndio maana usiku ule ilikubali. Na ukizungusha shafti beringi zina grisi, pengine chuma kinagusana vizuri pengine grisi inatenganisha, ndio maana Pn:P inakuja na kuondoka.

Ukiweka klipu GND hata kama biti imeunganishwa na fremu haina shida, vyote viko upande wa ethi. Pleti ndio iwe peke yake upande wa A5. Lakini kumbuka siku ukichonga bati la alumini lililobanwa kwenye kitanda cha chuma, pleti ikikaa juu yake itagusana na fremu na ALARM:4 itarudi. Siku hiyo weka tepu chini ya pleti na upime unene pamoja na tepu.

fundi_keko
Nimebadilisha waya. Chaja imechomekwa, klipu kwenye biti, nimeuliza ? mara ishirini huku nazungusha shafti, hakuna Pn:P hata mara moja. Nikigusisha pleti kwa mkono inakuja hapo hapo, nikiachia inaondoka. Mungu akubariki mkuu. Tatizo moja limekufa.

Ila lile la kusimama hewani bado lipo. Nimejaribu mara kumi, mara mbili imesimama juu ya pleti kama milimita 6 ikasema tayari. Haina mpangilio.

umeme_na_mbao
Habari fundi, mimi nasoma huu uzi toka Mbeya, nafanya umeme wa viwandani na mume wangu ndio anachonga. Hiyo ya kusimama hewani ni kelele za umeme zinaingia kwenye waya wa probu. Waya wako umepita wapi? Kama umefungwa pamoja na kebo za stepa au kebo ya spindo kwenye ule mnyororo wa plastiki basi umeshajibu.

Rezista ya ndani ya ile chipu ni dhaifu, iko kati ya kilo-ohm 20 na 50. Maana yake A5 inashikiliwa juu kwa uzi mwembamba sana, na waya wa mita mbili uliolala pembeni ya kebo ya stepa unafanya kazi kama antena, kijimshtuko kidogo tu kinatosha kuivuta chini kwa muda mfupi na Grbl inahesabu imegusa. Fanya hivi na ufanye kwa mpangilio huu maana ya kwanza ni bure:

Kwanza toa waya wa probu kwenye kundi, uupitishe upande wake, ukikutana na kebo ya spindo uivuke kwa kukata msalaba usiende nayo sambamba. Hizo waya mbili zisokotane kama kamba.

Pili, ongeza rezista ya kilo-ohm 4.7 kutoka A5 kwenda volti 5 na kapasita ya 104 (ndio hiyo microfarad 0.1) kutoka A5 kwenda GND, ulehemu karibu kabisa na bodi sio kule mwisho wa waya. Hapo Dar unapata Kariakoo. Mtu atakwambia kapasita inachelewesha ishara na kuharibu vipimo. Piga hesabu: kilo-ohm 4.7 na 0.1 inakupa kama nusu ya milisekunde, na kwa mwendo wa milimita 100 kwa dakika Z inakuwa haijatembea hata mikroni moja. Tena biti ikigusa pleti kapasita inamwagika kwenda GND papo hapo, uchelewaji uko upande wa kuachia tu.

Tatu, nakuomba sana uangalie ethi yenyewe. Karakana nyingi ninazoingia soketi ina tundu la tatu lakini nyuma yake hakuna waya, au waya upo na rodi haipo ardhini. VFD bila ethi inamwaga kelele zake kwenye fremu nzima, na zaidi ya probu hiyo ni roho yako, unashika fremu ya chuma na kuna mabomba ya maji ya spindo hapo hapo. Ita fundi mwenye leseni apime.

fundi_keko
Dada asante sana. Waya ulikuwa umefungwa kabisa na kebo ya spindo kwa zile tai za plastiki, nilidhani ndio usafi. Kesho naenda Kariakoo. Na ethi nitaita mtu, hilo sijawahi kulifikiria.

luthuli_router
Niko Nairobi, naongezea moja juu niliumia nalo siku mbili. Yangu ilikuwa ALARM:5, biti inashuka inasukuma pleti mpaka biti ikavunjika, haijui imegusa. Kumbe pleti ilikuwa na ile rangi nzuri ya anodaizi. Ile ngozi ya anodaizi haipitishi umeme kabisa, inaonekana ni chuma lakini kwa mita ni kama plastiki. Nilikwangua juu na msasa mpaka ikawa ng'aa, mita ikalia. Pia klipu ibane BITI, sio mwili wa spindo, juu hapo unategemea beringi. Na kama vumbi la MDF limeshika kwenye pleti lipanguse, hilo vumbi pia ni kizuizi.

Halafu kuna ALARM:4 ya mguso wa pili. Inagusa mara ya kwanza vizuri, inapanda kidogo ndio ishuke polepole, halafu paap alamu. Yangu ilikuwa inapanda milimita 0.2 tu na biti ilikuwa bado inagusa. Niliweka ipande 2.

gerezani_mashine
Luthuli umesema kweli kabisa. Kuanzia leo kila mtu kabla ya kubonyeza probu afanye jaribio la mkono: klipu kwenye biti, inua pleti iguse biti, angalia Pn:P inakuja, achia, angalia imeondoka. Sekunde tano. Kama haiji usibonyeze kitu.

Sasa fundi wa Keko tuje kwenye ile 0.4. Pleti umepima mwenyewe au umeandika namba ya muuzaji? Na unashuka kwa spidi gani?

fundi_keko
Niliandika 20 kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Spidi 600 ili isichelewe.

gerezani_mashine
Zote mbili zina makosa. Chukua venia upime pleti kwenye kona nne na katikati. Ukiandika 20 na pleti ni 19.6, mashine inaamini ubao uko chini zaidi ya ulipo kwa 0.4, na kila mchongo utazama 0.4 zaidi.

Spidi sasa. Z ikigusa haisimami papo hapo, inapunguza mwendo kwanza kama gari. Umbali wa kusimama ni mwendo mara mwendo, gawanya kwa mara mbili ya uongezaji kasi, na uongezaji kasi wa Z uko kwenye $122. Tuseme $122 yako ni 50. Kwa 600 kwa dakika, yaani 10 kwa sekunde, itapitiliza milimita 1 nzima baada ya kugusa! Biti ya V yenye ncha itaondoka. Kwa 100 kwa dakika inapitiliza kama 0.03. Kwa 25 haifiki hata 0.002. Na kama $122 hujaigusa toka kiwandani basi ni 10, hapo hata ile 100 inapitiliza karibu 0.14. Ndio maana tunagusa mara mbili, ya kwanza haraka kutafuta, ya pili polepole kupima. Hii natumia mimi:

G21
G91
G38.2 Z-25 F100
G0 Z2
G38.2 Z-4 F25
G10 L20 P1 Z19.60
G0 Z10
G90

Hapo 19.60 weka unene wa pleti YAKO. P1 ni G54, kama kazi yako iko G55 weka P2. Na usisahau G90 mwishoni, ukiiacha G91 ikiwa hai komandi inayofuata itatembea kwa kujumlisha na utasikia mlio usioupenda. Biti iwe imesimama kabisa, spindo imezimwa, na kidole kiwe karibu na kitufe cha dharura mara za kwanza.

tona_mwanza
Nafuatilia kwa makini. Mimi natumia programu ya Mach3 na poti ya parali, kwetu komandi ya kushuka mpaka iguse ni G31 badala ya G38.2. Kuangalia kabla ya kubonyeza nenda ukurasa wa Diagnostics, kuna kitaa cha Digitize, gusisha pleti kiwake, achia kizime. Kikiwa kinawaka muda wote geuza Active Low kwenye Ports and Pins upande wa Probe. Wazo ni lile lile.

Swali langu, nataka kununua ile probu ya kugusa pande zote yenye kijiti na kampira kekundu mwishoni. Inafaa kwa mbao au ni ya chuma tu?

mashineshop_muscat
Naomba nijibu hili, niko Muscat nafanya kazi kwenye mashine za chuma na hizi probu ndio nashinda nazo. Ile probu ina historia nzuri. Aliyeibuni ni David McMurtry akiwa Rolls-Royce kule Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, walikuwa wanahitaji kupima mabomba membamba ya mafuta ya injini za Olympus za ndege ya Concorde, na probu za zamani zilikuwa ngumu, zikigusa bomba zinalisukuma. Mwaka 1973 yeye na John Deer wakaanzisha Renishaw.

Ndani kijiti kimebebwa na vijiti vitatu vidogo, kila kimoja kimelala juu ya tufe mbili, kwa hiyo tufe sita, na springi inavikandamiza. Umeme unapita kwenye hizo sehemu zote mfululizo. Ukigusa upande wowote mguso mmoja unaanza kuachia na umeme unakatika. Kwa hiyo probu hizi muda wote zimefunga mzunguko, na HAPO ndio $6=1 inapohitajika, ndugu yetu mwanagenzi nadhani huko ndiko alikotoka. Uzuri wake waya ukikatika mashine inaona imeguswa na inagoma kushuka. Pleti ya kawaida waya ukikatika hakuna anayejua.

Ila usiinunue ukadhani imetoka tayari. Ukishaifunga kwenye koleti weka dayo geji (saa ya kupimia yenye sindano) kwenye kampira, zungusha shafti kwa mkono, sindano ikicheza zaidi ya mikroni 10 au 20 legeza na kaza zile skrubu ndogo za pembeni mpaka itulie. Halafu gusa ndani ya ringi ambayo kipenyo chake unakijua, pande nne, uone inakupa kipenyo gani. Tofauti ndio marekebisho unayoingiza kwenye programu, kwa sababu kijiti kinapinda kidogo kabla ya mguso kuachia, na kwa kuwa iko juu ya sehemu tatu basi upande mmoja unahitaji nguvu zaidi ya mwingine. Usitumie kipenyo cha kampira kilichoandikwa kwenye karatasi ukaishia hapo.

Kwa mbao kaka Mwanza, kwa kweli pleti inatosha. Mbao yenyewe inavimba na kusinyaa na unyevu wa Mwanza zaidi ya makosa ya pleti. Nunua kama unageuza kazi pande mbili au unachonga chuma.

fundi_keko
Wakuu narudi na majibu. Jana nimetoka Kariakoo, rezista ya 4.7 na kapasita ya 104 zimelehemiwa kwenye bodi, waya nimeusokota na nimeupitisha upande wa kushoto peke yake. Fundi umeme alikuja leo asubuhi, tundu la ethi la soketi ya mashine lilikuwa na waya lakini kule mwisho ulikuwa umeachwa tu haujafungwa popote upande wa rodi. Amefunga. Mashine yenyewe hata mlio wake naona umetulia.

Mzee wa Gerezani nilijiuliza, kama ethi haikuwa imefika ardhini ile njia ya chaja ilifungaje, huyo fundi umeme akanieleza kwamba soketi ya laptopu na ya mashine zinashirikiana waya huo huo wa ethi ukutani, kwa hiyo zilikuwa zinakutana pale pale hata kama rodi haipo.

Pleti nimepima, 19.62 katikati na kona zote ziko ndani ya 0.02. $122 ilikuwa 10, sijawahi kuigusa, nimeipandisha 50 kidogo kidogo huku nasikiliza Z kama inapoteza hatua, haipotezi. Nimetumia ile programu ya hapo juu na 19.62 yangu.

Nimegusa mara 20 mfululizo sehemu moja, naandika namba ya Z inayorudi kwenye [PRB: (mstari wa Grbl unaosema imegusa wapi) kila mara. Ya juu na ya chini zimetofautiana 0.01. Haijasimama hewani hata mara moja, na mara tano za mwisho niliwasha VFD na taa zote na msumeno wa jirani ukiwa unafanya kazi.

Kisha nimebadilisha biti tatu kwenye ubao wa mninga wa majaribio, ya 6, ya 3.175 na V ya digrii 60. Mistari imekutana. Kucha haisikii kitu.

tona_mwanza
Hongera sana kaka. Kwenye V unabana klipu wapi, maana ncha ni ndogo naogopa.

fundi_keko
Kwenye shingo ya biti juu, karibu na koleti, sehemu isiyo na rangi. Na kwa V naanzia karibu, nashusha kwa mkono mpaka milimita 5 juu ya pleti ndio nabonyeza, mguso wa kwanza nimeushusha mpaka F60. Nikibadilisha biti X na Y siziseti upya, nagusa Z tu, maana kona niliipata kwa ile biti ya 6 iliyonyooka, V huwezi kuipatia kona kwa sababu kipenyo chake kinabadilika kila kimo.